Pesimeka katika moyo ulioshonwa utotoni: mwongozo kwa wanaoishi Lubumbashi

Siku ya 9 baada ya kuwekewa pesimeka, lile kasha dogo la betri linalokaa chini ya ngozi na kuamsha moyo kwa waya, mudogo wangu alishikwa na kwikwi. Shangazi akampa maji anywe bila kuvuta pumzi, jirani akaleta kijiko cha sukari. Usiku wa pili akaniita: "Yaya, hii kwikwi haiishe, njoo uone." Nikamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, na kiganja changu kingine nikakiweka chini ya mbavu zake za kushoto. Pigo, kwikwi. Pigo, kwikwi. Vilikwenda pamoja bila kupishana hata mara moja. Waya wa pesimeka ulikuwa umesogea, na kila ulipotuma umeme kuamsha moyo ulikuwa unaamsha pia kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo. Asubuhi picha ya kifua ikaonyesha hivyo hivyo, na waya ukarudishwa mahali pake.

Mimi ni muuguzi, na mudogo wangu alizaliwa na kasoro nne za moyo ziitwazo tetralojia ya Fallot. Alipasuliwa ng'ambo akiwa na miaka 5, akawekewa pesimeka akiwa na miaka 27. Ninaandika kwa ajili ya watu kama yeye: watu wazima ambao moyo wao ulitengenezwa utotoni na sasa unasaidiwa na betri. Wengi mnaogopa siku betri itakapoisha. Lakini betri hutoa taarifa mapema. Katika moyo ulioshonwa, vinavyoleta shida zaidi ni waya na ngozi, na hivyo viwili unaweza kuvichunga wewe mwenyewe nyumbani.

Kwanza jua pesimeka ilitoka wapi

Moyo una njia yake ya umeme. Njia hiyo inapita ukingoni kabisa mwa lile tundu ambalo daktari hulifunga kwa kiraka katika Fallot na katika tundu la kati ya vyumba vya chini. Mshono mmoja ukiikaribia mno, au kovu likiibana miaka mingi baadaye, amri kutoka vyumba vya juu haifiki chini. Moyo unabaki kupiga polepole sana, au unasimama.

Jambo hili liliwatesa madaktari wa kwanza wa upasuaji wa moyo. Walton Lillehei alifanya upasuaji kamili wa kwanza wa Fallot huko Minneapolis, Marekani, mwaka 1954. Watoto ambao umeme wa moyo ulikatika baada ya upasuaji walifungiwa mashine kubwa zilizochomekwa ukutani. Oktoba 31, 1957 umeme wa mji ulikatika, na mtoto mmoja akafariki. Lillehei akamwendea Earl Bakken, fundi wa vyombo vya umeme vya hospitali, na baada ya wiki chache Bakken akaleta kisanduku kidogo cha betri kinachovaliwa mwilini. Mwaka uliofuata, 1958, daktari Åke Senning wa Stockholm alikiweka chombo cha namna hiyo ndani ya mwili wa mgonjwa, Arne Larsson, ambaye aliishi hadi 2001. Sisi wa Lubumbashi tunaoijua delestaji hatuhitaji kuelezwa uchungu wa siku ile. Ndiyo maana nawaambia wagonjwa kwamba pesimeka inayobebeka ilibuniwa kwa ajili ya mioyo kama yao. Hawajapewa kitu cha wazee kwa bahati mbaya.

Hatua ya 1: Tafuta ramani ya moyo wako

Hatua hii ni nzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Daktari ambaye hajakuona akiambiwa "huyu ana pesimeka" atafikiria moyo wa kawaida: waya umeingia kwenye mshipa chini ya mtulinga, ukashuka hadi chumba cha kulia. Kwako huenda si hivyo.

Omba ripoti ya upasuaji wa utotoni na kadi ya pesimeka. Kama mzazi alizipoteza, andika kwa hospitali iliyokupasua au kwa shirika lililokupeleka. Kumbukumbu za mgonjwa mara nyingi hutunzwa miaka mingi, na barua pepe moja yenye jina lako la wakati huo na tarehe ya kuzaliwa inaweza kuzirudisha. Kisha kaa na daktari wa moyo mpate majibu ya mambo haya:

- Kasoro ilikuwa gani, na ilitengenezwaje?
- Je, kuna tundu lolote lililobaki kati ya upande wa kulia na wa kushoto?
- Waya umepita ndani ya mshipa, au umeshonwa juu ya moyo kwa nje? Kuna waya wa zamani ulioachwa humo?
- Kasha ni la kampuni gani, modeli gani, liliwekwa lini, na limepangwa lisiache moyo ushuke chini ya mapigo mangapi kwa dakika?
- Likizimwa, moyo wangu unapiga wenyewe au haupigi?

Swali la tundu si la udadisi. Kwa mtu mwenye tundu lililobaki, waya ulio ndani ya mshipa unaweza kuota vidonge vya damu iliyoganda, vikavuka kwenda upande wa kushoto na kupanda kwenye ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waya wa namna hiyo huongeza hatari ya damu iliyoganda kusafiri mwilini zaidi ya mara mbili kwa watu wenye tundu. Kwa hiyo tundu hujadiliwa kabla ya waya kuingizwa.

Waliofanyiwa upasuaji wa Fontan, ambao wana chumba kimoja tu cha kusukuma damu, kwa kawaida waya wao umeshonwa nje ya moyo na kasha liko tumboni. Waya wa nje hauleti hatari ile ya damu kuganda, lakini huvunjika zaidi, na kovu likiota chini yake moyo hudai umeme mwingi zaidi ili uamke, na betri huisha mapema. Waliozaliwa na mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi, wakapasuliwa kwa njia ya Mustard au ya Senning (Senning huyo huyo wa 1958), wana vichuguu vilivyoshonwa ndani ya vyumba vya juu. Waya ukipita humo, kichuguu kinaweza kubanwa. Dalili yake ni uso na mikono kuvimba, hasa asubuhi, na mishipa ya shingo kusimama.

Majibu yote yaandike kwenye karatasi moja, kwa Kifaransa. Tengeneza nakala ya Kiingereza kwa siku utakayovuka Kasumbalesa kwenda Zambia. Ipige picha, iweke kwenye simu yako na ya mtu mwingine wa nyumbani.

Hatua ya 2: Wiki 6 za kwanza

Waya mpya unashikiliwa na ndoano ndogo tu mpaka nyama ya moyo iukumbatie. Kwa wiki 4 hadi 6, kiwiko cha upande wa kasha kisipande juu ya bega, na mkono huo usibebe kitu kizito.

Katika maisha yetu maana yake ni hii. Bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20: usiiguse. Kusonga bukari ya watu wanane kwa mwiko mkubwa ni kazi ya bega, mwachie mwingine. Usining'inie kwenye mlango wa taksibasi. Kanga ya kubebea mtoto mgongoni isipite juu ya kasha. Lakini usifunge mkono kabisa kama uliovunjika, maana bega litaganda. Uzungushe taratibu, chini ya usawa wa bega, kila siku.

Na usilichezee kasha. Kuna watu hulisukuma na kulizungusha chini ya ngozi bila kufikiri, kama mtu anayechezea kifungo cha shati, mpaka nyaya zinajisokota na kuchomoka.

Hatua ya 3: Jifunze sauti ya waya ulioharibika

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, keti dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu mapigo dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha, kwa sababu pigo lililorukwa utalikosa. Andika namba kwenye daftari.

Kama kasha limepangwa mapigo 60 na wewe unapata 44, hesabu tena baada ya dakika 10. Wakati mwingine moyo hutoa pigo dogo lisilofika mkononi, na hesabu inadanganya. Ikibaki chini, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili nyingine za waya:

Kizunguzungu au giza la ghafla machoni ukiinua mkono au ukigeuza bega. Waya unaopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza hubanwa hapo kila siku, na mahali hapo ndipo unapochanika. Mwambie daktari ni mkao upi hasa unaoleta giza, ili afanye mkao huo huo wakati anapima.

Msuli wa kifua unaoruka wenyewe juu ya kasha, tik, tik, tik, kama kope inayocheza. Ganda la waya linaweza kuwa limepasuka na umeme unavuja.

Kwikwi inayokwenda sawa na mapigo. Hiyo umeshaisikia.

Kifua kuuma ghafla pamoja na pumzi kukata katika siku za kwanza. Huenda waya umetoboa moyo, au pafu limeguswa. Hapo hakuna kungoja kesho.

Kuna tatizo jingine linalokuja polepole bila sauti yoyote. Ikiwa pesimeka inaamsha moyo upande wa kulia mchana na usiku, miaka ikipita upande wa kushoto unaweza kuchoka na kutanuka, kwa sababu pande mbili hazipigi tena kwa wakati mmoja. Pia waya unaopita kwenye vali ya kulia, yaani mlango wa damu wa upande huo, unaweza kuizuia isifunge vizuri; aliyepasuliwa Fallot huwa tayari upande huo umelemewa na vali ya mapafu inayovuja. Viatu vikianza kubana jioni, ukihitaji mito miwili ili ulale, usisingizie umri. Ekografia ya moyo kila mwaka ndiyo inayoona jambo hili kabla yako, na mara nyingi linarekebishika kwa kuongeza waya mwingine au kuuhamisha uliopo.

Hatua ya 4: Ngozi

Simama mbele ya kioo mara moja kwa wiki, kwenye mwanga wa dirisha. Tazama ngozi iliyo juu ya kasha. Inapaswa kuwa na rangi ile ile ya ngozi ya pembeni, isiwe na joto, na ukiibana kidogo iteleze juu ya chuma. Ikianza kung'aa, ikawa nyembamba na kushikamana na kona ya kasha, inaelekea kutoboka. Wekundu kwenye ngozi yetu nyeusi hauonekani wazi, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono kupima joto, upande huu na ule.

Uvimbe ukitokea, mtu yeyote asiutoboe kwa sindano "kutoa maji kidogo", hata akiwa amevaa koti jeupe. Sindano hiyo ndiyo njia ya kuingizia vijidudu. Na usikubali kuchanjwa dawa kifuani. Nawaheshimu wazee wetu, lakini wembe juu ya pesimeka umeshanigharimu machozi na mgonjwa mmoja niliyempenda.

Maambukizi yakishafika kwenye kasha au kwenye waya, antibiotiki peke yake haiponyi. Vyote hutolewa, mgonjwa hutibiwa, kisha kipya huwekwa mahali pengine. Kwa mtu aliyewekewa waya akiwa kijana, kuutoa baada ya miaka 15 ni upasuaji mgumu, kwa sababu mshipa umeshaukumbatia. Na kila kasha linapobadilishwa, nafasi ya vijidudu inafunguka tena. Mzee aliyeanza akiwa na miaka 75 huenda akabadilisha mara moja. Wewe uliyeanza kijana utabadilisha mara nyingi, basi ngozi yako ndiyo akiba yako.

Hatua ya 5: Homa isiyo ya kawaida

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo mji wetu unapotuponza. Ukipata homa Lubumbashi, njia inajulikana: kipimo cha malaria, kisha, ikiwa hakuna malaria, mtu atasema ni tifoidi, na duka la dawa la kona litakuuzia antibiotiki. Homa inashuka, inarudi baada ya wiki mbili, unanunua nyingine. Miezi mitatu baadaye umekonda, unatoka jasho usiku, na vijidudu vimejenga nyumba kwenye waya au kwenye kiraka cha moyo. Ukipelekwa maabara damu haioteshi kitu, kwa sababu zile antibiotiki zilivipiga vijidudu nusu nusu tu.

Fanya hivi. Kipimo cha malaria kifanyike, siku hiyo hiyo, na kama ipo itibiwe. Taja pesimeka yako kabla perfizyo ya kinini haijatundikwa, maana kinini na baadhi ya dawa nyingine za malaria hugusa umeme wa moyo na daktari huenda akataka kukuangalia kwa karibu. Lakini kama malaria haipo, au imetibiwa na homa bado inarudi, usimeze antibiotiki yoyote kabla damu yako haijachukuliwa kwa hemokulture, yaani kuoteshwa maabara. Huchukuliwa angalau mara tatu, kwa kuchoma mahali tofauti. Sema hivi kwa sauti: "Nina waya ndani ya moyo. Naomba hemokulture kwanza." Ukiwa mahututi damu huchukuliwa na dawa huanza saa ile ile, usingoje majibu.

Kuhusu meno: pesimeka peke yake haidai antibiotiki kabla ya kung'oa jino. Lakini ikiwa una vali bandia, uliwahi kuambukizwa moyo, au kuna tundu linalovuja kando ya kiraka, unaihitaji. Jibu lako liandikwe kwenye ile karatasi.

Hatua ya 6: Kazi, simu na sumaku

Mudogo wangu alikuwa anachomelea milango na vyuma vya madirisha huko Katuba. Hilo lilituumiza kichwa kuliko upasuaji wenyewe, kwa sababu kazi ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Umeme wa kuchomelea unaweza kuidanganya pesimeka idhani moyo unapiga wenyewe, ikakaa kimya. Watengenezaji wengi huruhusu mkondo mdogo, wa chini ya ampea 130 au 160 kutegemea kampuni, kwa masharti: arki, yaani ule moto mkali wa kuchomelea, iwe angalau sentimita 60 kutoka kasha, nyaya mbili za mashine zikae pamoja na zisipite begani wala zisizungushwe mwilini, mikono na viatu viwe vikavu, na mtu mwingine awepo. Ukisikia kizunguzungu, acha na uondoke. Yeye aliambiwa moyo wake haupigi kabisa bila betri, akachagua kupima, kukata na kupaka rangi, na arki akamwachia mwenzake. Wanaofanya kazi karibu na tanuru za umeme au vyumba vya kusafishia shaba kwa umeme wasirudi kabla daktari wa kazi hajapata maelezo ya modeli yao.

Simu iwe sentimita 15 mbali na kasha. Isikilize kwa sikio la upande mwingine. Akina mama, ile tabia ya kuweka simu ndani ya sidiria iishe leo, kwani simu nyingi mpya zina sumaku. Wapiga muziki wa kanisani, bafle lina sumaku kubwa: libebeni watu wawili, lisikumbatiwe kifuani. Kwa jenereta na injini inayonguruma, usiinamishe kifua juu yake. Kwenye uwanja wa ndege wa Luano pita mlango wa ukaguzi bila kusimama, na omba kile kifaa cha mkononi kisishikwe juu ya kasha.

Hatua ya 7: Vipimo na pesa yake

Baada ya ukaguzi wa miezi ya kwanza, kasha hupimwa kila miezi 6 hadi 12, na betri ikikaribia mwisho kila miezi 3. Likifika kiwango cha kubadilishwa, kwa kawaida hubaki miezi 3 hivi ya usalama. Miezi 3 ni mingi ikiwa pesa ipo, ni michache ikiwa familia itaanza kuchangishana siku hiyo. Anzeni likelemba la betri mwaka wa kwanza, kiasi kidogo kila mwezi.

Mashine ya kupimia ya kampuni moja haisomi kasha la kampuni nyingine. Ndiyo maana modeli ni muhimu. Uliza idara ya moyo katika Cliniques Universitaires au Sendwe ni nani ana mashine ya kampuni yako na anakuja lini. Ikiwa haipo, kabla ya kufunga safari ya Lusaka au ya taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, tuma picha ya kadi yako na usubiri wajibu kwamba wanaweza kulisoma kasha hilo.

Hatua ya 8: Ukitibiwa jambo jingine

Kabla ya upasuaji wowote, hata wa hernia au wa kujifungua, mwambie anayekupa usingizi. Kisu cha umeme kinaweza kuizima pesimeka kwa sekunde kadhaa, na kuna namna ya kujikinga ikiwa wamejua mapema. Ekografia, picha ya kawaida na skana ni salama. Kipimo cha sumaku kubwa, kile wanachoita IRM, ni habari nyingine: hata kama kasha lako jipya linakiruhusu, waya ulioshonwa nje ya moyo au kipande cha waya kilichoachwa tangu utotoni mara nyingi hukizuia. Mjamzito anaweza kubeba mimba na pesimeka. Kinachoamua ni hali ya moyo wenyewe, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mimba.

Hatua ya 9: Usiku akianguka

Wafundisheni wote wa nyumbani, hata watoto wa miaka 12. Mlazeni chali, miguu juu ya kiti. Asipewe maji. Akiwa hapumui, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuogopa kasha. Umeme wake haumdhuru anayebonyeza. Mmoja atafute gari, mwingine achukue karatasi. Akizinduka akasema amepona, bado anapelekwa, kwa sababu waya uliokatika hugusana na kuachana, na unaweza kuachana tena kabla ya alfajiri.

Karatasi ya mudogo wangu imefungwa ndani ya plastiki na kubandikwa nyuma ya mlango wa mbele, kwenye usawa wa macho ya mtu anayekimbia kutoka.